Uta Nyuma ya Kabati

Kila tulipohama, mama aliandika orodha. Magodoro matatu, sufuria sita, jiko la makaa, cherehani, redio, sanduku la bati la baba. Aliisoma lori la jeshi likipakiwa, akaisoma tena likipakuliwa, na katika miaka yote ile hakupoteza hata kijiko. Kitu kimoja tu hakikuwahi kuingia kwenye orodha: uta wa baba. Ulisafiri ndani ya blanketi la kijivu, umebanwa kati ya godoro na ubao wa lori, pamoja na podo la ngozi lenye mishale saba. Mama alikuwa na sababu yake. Kitu ambacho hakijaandikwa, hakuna atakayeuliza kiko wapi.

Kama ulilelewa kambini unajua transfa ni nini. Barua inakuja Jumatatu, Ijumaa mko njiani. Nilisoma shule nne za msingi. Marafiki niliwaacha darasani bila kuwaaga, na mahali pengine sikukaa hata nikajua majina ya walimu wote. Askari wa KAR, au Keya kama wazee walivyozoea kuiita, walikuwa na wimbo wao wa kutembea, Funga Safari, na swali lake kuu ni amri ya safari imetoka kwa nani. Kwetu jibu halikuwahi kuwa mama.

Mwaka 1994 tulitolewa kambi moja karibu na Nairobi tukapelekwa nyingine Bonde la Ufa. Baridi ya huko usiniulize. Kwenye laini yetu ya nyumba Wakamba tulikuwa peke yetu, na wiki ya kwanza mama aliongea na cherehani tu. Lakini siku ile ile ya kupakua, blanketi la kijivu lilikuwa limeteleza. Jirani aliyekuwa ameshika upande wa pili wa kabati, sajini mrefu wa kutoka Bonde la Kerio, aliona. Hakusema kitu. Alisaidia kuingiza kabati, akanywa chai, akaenda zake.

Jioni alibisha mlango. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia.

"Koplo, nimeona umekuja na fimbo."

"Fimbo gani, afande?" baba akauliza, amesimama kama yuko gwaride.

Sajini akafungua gunia. "Kama hii yangu."

Hivyo ndivyo baba alivyopata rafiki wake wa kwanza katika kambi ile. Walikaa sakafuni hadi usiku, wakipitisha mishale mkono kwa mkono. Wa sajini ulionifurahisha zaidi ulikuwa na chembe kifupi kilichozungushiwa uzi mnene ili kisipenye sana. Alitueleza kwamba huo si wa kuua. Ng'ombe hufungwa kamba shingoni hadi mshipa uvimbe, mshale unapigwa kutoka karibu, damu inakingwa kwa chombo, kidonda kinazibwa, na ng'ombe anarudi malishoni. Baba naye alionyesha wetu: chembe cha chuma kilichopachikwa kwenye kijiti chembamba, na kijiti kile kinachomeka mbele ya wano. Ukimpiga mnyama, wano hudondoka na chembe kinabaki mwilini. Zamani sehemu ile ya mbele ilipakwa sumu ya msunguti, kisha ikavishwa utepe wa ngozi laini ili sumu isikauke. Mishale ya baba haikuwa na sumu. Lakini utepe wa ngozi aliuweka bado, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Wa tatu alikuwa dereva Mkuria wa laini ya chini. Huyo hakuona chochote, alisikia. Jumapili moja alikuwa anapita nyuma ya nyumba zetu, akasikia ile sauti ya mshale ukigonga gunia lililojazwa nyasi. Alituambia kwamba kwao Migori sauti hiyo hata mtoto anaijua. Jumapili iliyofuata alikuja na uta wake. Basi ikawa hivyo, kila Jumapili baada ya chakula: wanaume watatu, gunia moja, na sisi watoto wa kukimbilia mishale iliyokosa. Wake zao nao wakaanza kukaa pamoja wakichambua mboga, na mama akaacha kuongea na cherehani.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojiuliza: hawa watatu, Mkamba, Mmarakwet na Mkuria, walifikaje laini moja wote wakiwa na uta? Bahati? Sidhani.

KAR ilianzishwa mwaka 1902. Waingereza walioiongoza waliamini kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana na mengine hayakuzaliwa hivyo. Wakamba na Wakalenjin waliishia kwenye orodha ya kwanza, na Wakuria pia waliingia jeshini kwa wingi ukilinganisha na udogo wa jamii yao. Jeshi la Kenya huru lilirithi wanajeshi wale wale pamoja na kambi zile zile. Kwa hiyo ukitazama ramani ya sehemu zilizotoa askari wengi wa kikoloni, utaona imelala juu ya ramani ya sehemu ambazo uta ulikuwa chombo cha kila siku. Ni rahisi kuhitimisha: si unaona, watu wa uta ni watu wa vita.

Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyewachunguza askari wa KAR, anatuonyesha kitu kingine. Sifa ya ushujaa ilifuata mfuko. Watu waliitwa wapiganaji pale ambapo kodi ilidaiwa na njia nyingine za kupata pesa zilikuwa chache. Penye shule nyingi na kazi za karani, vijana hawakupanga foleni kwa mwandikishaji wa jeshi, na ghafla watu wa huko wakaonekana hawafai kwa vita. Myles Osborne, aliyeandika juu ya Wakamba peke yao, anaonyesha jinsi sifa hiyo ilivyojengwa na pande zote mbili, serikali ikitaka askari watiifu na Wakamba wakidai malipo ya utiifu huo.

Na kabla ya hapo? Katika karne ya 19 uta wa Mkamba ulikuwa zaidi wa chakula na biashara. Misafara yao ilishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo, na ni kutoka huko alikouona mlima ambao nchi nzima imepewa jina lake. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana mifugo mingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba, ikaanza kuwanyang'anya ng'ombe na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda kipya cha nyama cha Liebig pale Athi River kikihitaji ng'ombe wa kuchinja. Watu walifanya nini? Hawakupiga mshale hata mmoja. Waliandamana kwa miguu hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ilirudi nyuma na kuacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Ukipita Muindi Mbingu Street ukienda kupanda mat, kumbuka kwamba hao "wapiganaji wa kuzaliwa" walishinda vita vyao vikubwa kwa kukaa chini.

Mwaka uliofuata vita vya dunia vilianza, na waandikishaji wakaja Ukambani. Babu alijiandikisha. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw katika mvua isiyokatika hadi kufika Kalewa. Alirudi na medali mbili na kikohozi. Medali zilining'inia sebuleni kwake Kitui, na kila mgeni alionyeshwa. Mimi nilikua nikijua kwamba uta wa baba umetoka kwa babu. Babu alikuwa askari, baba ni askari, uta ni silaha. Hesabu si ilikuwa wazi?

Halafu Jumapili moja dereva Mkuria akauliza swali la kawaida kabisa. Baba alikuwa amepiga mishale minne, yote imesimama pamoja mahali ambapo ungeweza kuifunika kwa sahani.

"Koplo, nani alikufundisha? Mzee wako?"

Baba alikuwa anapangusa chembe kwa kitambaa. "Hapana. Mzee alijua bunduki tu. Nilifundishwa na ndugu yake."

"Alikuwa jeshini pia?"

"Alikuwa jela."

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mboga. Kwetu jina la nduguye babu lilitajwa mara chache, na neno jela sikuwa nimewahi kulisikia likiwa karibu nalo. Baba aliendelea kupangusa. Alisema alikamatwa upande wa Tsavo mwaka 1957, na pembe mbili, akafungwa. Akasema alipotoka hakupewa nafasi ya kuongea kwenye mikutano ya ukoo tena. Akasema ndiye mtu mpole kuliko wote aliowahi kuwajua. Kisha akaweka mshale mwingine kwenye ugwe.

Nimesoma kiasi juu ya mwaka huo ili nimwelewe mzee ambaye sikumkuta. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ndani na pembeni mwake waliishi Waata, ambao wageni waliwaita Waliangulu. Wao waliwinda ndovu kwa uta mrefu ambao kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Wazungu walioujaribu waliulinganisha na zile pinde za Waingereza katika vita vya Agincourt vya mwaka 1415. Wakamba nao waliingia kutoka kaskazini na magharibi na uta mfupi na mwepesi zaidi, wakitegemea sumu. Sumu yenyewe inatoka kwenye mti ule ule. Wagiriama huiita utsungu, ndugu wa neno letu uchungu. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aitwaye Arnaud alitenga kemikali yake, ikaitwa ouabain kutokana na neno la Kisomali, na madaktari wa Ulaya wakaja kuitumia kutibu moyo. Kitu kile kile, kipimo tofauti.

Kati ya 1956 na 1957 David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, na mwenzake Bill Woodley waliongoza operesheni kubwa dhidi ya wawindaji. Woodley alikuwa ametoka kupigana na Mau Mau, na mbinu zilifanana na za Hali ya Hatari: watoa habari, misako ya alfajiri, kuhojiwa hadi mtu ataje wenzake. Mamia walifungwa. Kwa Waata, ambao hawakuwa watu wengi, ilimaanisha karibu kila wawindaji wao hodari walipitia mahakamani.

Tusidanganyane. Ndovu walikuwa wanauawa kweli, na si kwa nyama pekee. Pembe zilikuwa na wanunuzi Pwani, na nduguye babu alikamatwa nazo mkononi. Sitamfanya malaika. Ila kuna hesabu moja ambayo imenikaa kooni. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit. Katika safari yao ya Afrika, baba na mwana waliua wanyama 512 kwa bunduki. Roosevelt mwenyewe ndiye aliyechapisha orodha. Yeye alikuwa na leseni, akaitwa mwindaji. Sheria ile ile ikamkuta Mkamba na uta, ikamwita jangili.

Na serikali iliyomfunga nduguye babu kwa sababu ya uta ndiyo iliyompa babu bunduki na medali kwa sababu, ati, anatoka kwa watu wa uta. Ndugu wawili, tumbo moja. Aliyeelekeza jicho lake kali kwa watu wa mbali Burma alirudi shujaa. Aliyelielekeza kwa mnyama nyuma ya shamba alirudi aibu ya ukoo.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote Mei 1977. Wakati huo uta ulikuwa umeshapitwa. Ndovu wa Kenya inakadiriwa walikuwa 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe, walikuwa wamebaki kama 16,000 hivi. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 70 ulichukua sehemu yake Tsavo. Sehemu kubwa ya wengine ilichukuliwa na risasi.

Jumapili za gunia zilidumu mwaka mmoja na miezi. Kisha afande fulani mgeni aliona mishale imeegemezwa ukutani, na siku ya pili ikasomwa amri kwamba silaha yoyote ambayo haijatolewa na jeshi isionekane kwenye makazi. Jioni walikuja kukagua nyumba kwa nyumba. Nakumbuka baba alivyoutoa uta nyuma ya kabati. Alikuwa ameufungua ugwe, na uta bila ugwe umenyooka karibu kama mti wowote.

"Hii ni nini, Koplo?"

"Fimbo, afande."

Yule mkaguzi aliugeuza mara mbili, akamtazama baba, akautupa kitandani. Ugwe ulikuwa umekunjwa ndani ya kopo la rangi ya viatu. Podo mama alikuwa amelifunika kwa nguo za mteja kwenye cherehani, na alishona wakati wote wa ukaguzi bila kuinua macho. Baada ya wao kutoka, baba aliketi kitandani karibu na uta. Nilifikiri atacheka, kwa sababu alikuwa ameshinda. Hakucheka. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku hiyo ndiyo alielewa jinsi ami yake alivyoishi baada ya jela: kila chombo chako unakipa jina lingine ili wakuache nacho.

Transfa zilikuja muda mfupi baadaye, moja moja. Dereva alipelekwa Nanyuki, sisi tukarudishwa karibu na Nairobi, sajini akabaki. Usiku wa mwisho walibadilishana mishale, kila mtu mmoja mmoja kwa wenzake. Hakukuwa na hotuba. Wanajeshi wamezoea kuagana, wanaagana kama watu wanaokwenda dukani.

Baba alistaafu, akarudi Kitui. Mwaka 2016 tulitazama pamoja ufunguzi wa Olimpiki za Rio, na aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa Shehzana Anwar, mlenga shabaha wa uta. Baba alisogea karibu na TV. Baadaye nilimtafutia video zake kwenye simu, akazitazama zote, akatoa maoni kwamba uta ule una vyuma vingi sana lakini kiwiko cha msichana kiko sawa kabisa.

Mwaka jana kijana mmoja alinitafuta, mtoto wa sajini wa Kerio. Tulikuwa tunakimbilia mishale pamoja. Baba yake alikuwa amefariki, na kati ya vitu vyake walikuta mshale ambao si wa kwao. Tulikutana kibandani, Umoja, tukaagiza chai na chapati. Aliutoa kwenye begi la laptop, akiwa ameufunga kwa gazeti, akachungulia kulia na kushoto kama anauza bangi. Tulicheka hadi mwenye kibanda akatuangalia.

Nilimpelekea baba. Alivaa miwani, akaugeuza taratibu kutafuta alama. Kila mwindaji alichora alama yake kwenye wano, ili mnyama akipatikana mbali ijulikane ni wa nani. Alama ya baba naijua, mikato miwili. Hii ilikuwa na mikato mitatu na nukta.

"Si wako," nikamwambia.

"Ni wa ami. Niliwapa wote wawili mishale ya ami. Yangu ilikuwa ya mazoezi tu."

Nilimuuliza kwa nini atoe vitu vya thamani hivyo kwa watu ambao huenda asiwaone tena. Alifikiri kidogo. Alisema nyumbani hakuna aliyekuwa akitaka kusikia habari za mzee yule, medali zilikuwa zimejaza ukuta. Wale wawili waliuliza nani alimfundisha, na walipoambiwa mfungwa, hakuna aliyeguna. Walitaka tu kujua alikuwa anashikaje.

Mwezi uliopita nilihama keja, kutoka Umoja kwenda Kahawa. Baba amenikabidhi uta, anasema mabega yamekataa. Usiku wa kupakia mama alinipigia simu kuuliza kama nimeandika orodha. Nikamwambia nimeandika. Akauliza kama na ule uti umo.

"Uta, mama. Nimeuandika wa kwanza."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza sufuria ni ngapi.